Mlo Mmoja wa Mwalimu Wangu Mjini Mbarara

Katika miaka ile, mkimbizi wa Rubondo hakuwa na sababu ya kujua pa kula mjini Mbarara. Rubondo ni upande mmoja wa makazi ya Nakivale, na sisi tuliotoka Kivu ya Kusini tulikula huko kile kilichotoka shambani: muhogo, maharage, mahindi, sombe ya majani ya muhogo, na dagaa waliofika kijijini Misiera ndani ya magunia. Aliyeitwa mjini kwa ajili ya hospitali au karatasi zake alifunga muhogo wa kuchemsha katika mfuko, akapanda gari kituoni Rwekubo asubuhi, akala ameketi kwenye ngazi za ofisi ile ile iliyomwita, akarudi jioni. Kuketi hotelini peke yako na kula mbele ya watu usiowajua kulihesabiwa kuwa jambo la madereva na la wanaume waliogombana na wake zao. Kwa hiyo mimi, niliyekwenda Mbarara mara nyingi kwa shughuli za shule niliyofundisha, niliufahamu mji ule kwa maduka ya vitabu na ya dawa, wala sikujua chungu chake hata kimoja.

Jambo la pili la kujua linamhusu padri mmoja. Alinifundisha Kilatini katika seminari ndogo ya kwetu, na baba yangu alipofariki nikiwa bado mwanafunzi, yeye ndiye aliyenihamishia kwenye meza yake. Miaka yote iliyobaki ya masomo nilikula naye kutoka bakuli moja: bugali ya muhogo, ndivyo tuitavyo ugali, maharage, siku za sikukuu samaki wa ziwani. Hakuwahi kulitaja jambo hilo mbele ya mtu, nami sikuwahi kumshukuru, kwa sababu shukrani ya namna hiyo kwetu haisemwi. Husubiri hadi mkubwa awe mgeni wako.

Nilikuwa nimekaa Nakivale miaka kadhaa, simu za mkononi zimeanza kuenea hata Rubondo, ndipo habari iliponifikia kwamba mwalimu wangu, akitoka Bukavu, atapita Mbarara. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na alikuwa anapelekwa Kampala kutibiwa. Gari la parokia lililomchukua lingesimama Mbarara saa za adhuhuri tu kisha liendelee. Kufika Nakivale hakungewezekana. Barabara ile ilikuwa mbaya, na dereva hakuwa wake. Nilipewa, basi, mlo mmoja, katika mji usio wangu, chini ya paa la mtu mwingine.

Mke wangu alilipokea jambo hilo kama mtu aliyetukanwa.

“Baba wa batoto,” aliniuliza, “mwalimu wako atakula fasi gani? Utamulisha matoke ya barabarani?”

Tulijadiliana, au niseme yeye alijadili nami nikakubali. Nyumba itakuwa ya watu, lakini bugali itakuwa yetu. Aling’oa muhogo wa shamba letu, akauloweka majini hadi ulipolainika na kuchacha, akaumenya, akauanika juu ya bati, akautwanga na kuuchekecha mara mbili, kazi ambayo kwa ajili yangu huifanya mara moja. Unga wa namna hiyo una harufu. Aliyezaliwa Kivu huisikia tangu mlangoni akajua kwamba nyumba hiyo inakula. Nilitaka mwalimu wangu aisikie harufu hiyo, aketi, ale, aondoke akijua kwamba mwanafunzi wake, hata ugenini, bado ana chakula cha mkono wake cha kumpa. Zaidi ya hicho sikuwa na la kumwonyesha.

Nilitangulia mjini siku chache kabla, peke yangu, nikapanga chumba karibu na soko, nikaanza kutafuta hoteli. Nilikuwa na masharti matatu, na hata leo siyaoni kuwa makubwa: pawe na utulivu kiasi cha wazee wawili kusikilizana, mgeni anawishwe mikono pale alipoketi, asipelekwe kwenye bomba la ukutani kama mtoto wa shule, na mpishi akubali kusonga unga wangu.

Hoteli ya kwanza ilikuwa ghorofani, kwenye barabara kuu, na nje yake ubao ulikuwa umejaa majina ya vyakula. Nilipanda. Msichana aliyehudumu aliniuliza ninachotaka, nikataja samaki. Samaki walikuwa wameisha. Nikataja kuku, kuku alikuwa bado. Nikataja maharage, nayo yalikuwa ya jioni. Nikamwomba basi anitajie yeye kilichopo. Alifikiri kwa utulivu, akaniambia kwamba vyote vipo. Baada ya muda nililetewa nyama ya ng’ombe na wali, vitu ambavyo hakuna aliyevitaja kati yetu wawili. Juu ya kichwa changu televisheni ilikuwa inapiga muziki kwa sauti ya kutikisa vikombe. Niliomba ipunguzwe, ikapunguzwa, wateja wote wakageuka kunitazama kama mtu aliyezima taa kanisani, na mmoja wao akainuka, akairudisha ilipokuwa.

Hoteli ya pili ilikuwa ya wafanyakazi wa maofisi, nao walijipanga mstari mrefu mchana. Hapo nilijifunza utaratibu wa mji ule, ambao hakuna aliyeona haja ya kunieleza. Unachoagiza ni mchuzi peke yake: nyama, au maharage, au karanga. Hivyo vingine, ambavyo wao ndivyo wanavyoviita chakula, huja vyote pamoja bila kuombwa. Niliagiza nyama, nikapewa bakuli dogo la nyama na sahani yenye matoke, wali, posho ambayo ni ugali wa mahindi, kiazi kitamu, boga na kipande cha muhogo wa kuchemsha, vitu sita vimebanana kama abiria wasiosalimiana. Sikujua nianzie wapi. Kwetu mtu hula bugali yake akajua anakula nini.

Nilipokuwa bado naikabili sahani hiyo, karani mmoja mwenye tai alivuta kiti cha mezani pangu akaketi bila neno. Nilimkaribisha, kama ipasavyo: anayekukuta unakula huambiwa karibu, naye hushukuru au hunawa. Huyu alinitazama kama mtu anayetaka kumuuzia saa, akalisogeza bakuli lake karibu na kifua, akachukua chumvi iliyokuwa mbele yangu, akala, akazungumza na simu, akaondoka. Nilikuwa nimekula pamoja na mtu mzima mwenye akili zake, wala sijui hadi leo sauti yake ya salamu ikoje.

Niliuliza pale pale kama wangeweza kusonga unga ninaouleta mwenyewe. Mwenye sanduku la fedha alimwita mwenzake. Mwenzake alimwita mwenye hoteli. Na mwenye hoteli, baada ya kuifunga kwanza milango ya jikoni, aliniuliza kwa adabu nyingi kama mimi ni bwana afya wa manispaa.

Ya tatu ilikuwa na milango ya vioo na viti vizuri. Utulivu wake ulikuwa kamili, na nilikuwa nimekwisha kuwaza mwalimu wangu angeketi upande gani, hadi nilipogundua kwamba jikoni hakukuwa na chungu. Kila kitu kilikaangwa. Viazi vilikaangwa, kuku alikaangwa, na kuku mwenyewe alikuwa mgumu kiasi kwamba mimi, mwenye meno yangu yote, nilimwacha nusu. Mwalimu wangu alikuwa amebakiwa na meno machache ya mbele. Jioni hiyo nilikula ndizi za kuchoma nikiwa nimesimama barabarani, nikimlaani kila mwenye hoteli wa Mbarara kwa lugha ambayo hakuna miongoni mwao aliyeweza kuielewa.

Siku iliyofuata nilipata mahali. Palikuwa nyuma ya soko, chumba chenye meza nne na pazia la jikoni, bila televisheni. Mwenyewe alikuwa mke wa askari, akiishi kambini na mumewe, na Kiswahili chake alikiokota huko huko kambini, kikiwa na amri nyingi na viambishi vichache. Alizaliwa upande wa wafugaji wa Ankole. Aliniwekea supu ya mbuzi na wali, nikala, na kwa mara ya kwanza tangu nifike mjini nikaona kwamba ninakula. Nikaanza kumuuliza: watu hujaa saa ngapi, maji ya kunywa yanachemshwa, meza ya dirishani inaweza kuwekwa kando kwa ajili ya mgeni.

“Mzee, wewe nauliza kama polisi,” aliniambia. “Kula kwanza.”

Nilikula kwanza, kisha nikamweleza kwamba mimi ni mwalimu, na habari ya padri na ya unga. Alikubali mara moja, jambo ambalo lingepaswa kunitia mashaka. Nilipoanza kumfafanulia jinsi bugali ya muhogo inavyosongwa, maji yawe yanachemka namna gani na unga uingie kwa vipindi gani, alinikatiza akiwa ameshika kiuno.

“Mimi nasonga karo ya ulezi toka mtoto. Nasonga posho ya askari kambi nzima. Wewe nasonga nini? Chaki?”

Askari wawili waliokuwa wanakula pembeni walicheka hadi mmoja akapaliwa. Niliyameza hayo kwa ajili ya mwalimu wangu, nikaongeza maagizo mawili. La kwanza, kwamba yeye mwenyewe amnawishe mgeni mikono mezani. Alisema hilo hata watu wake wanalijua. La pili lilikuwa zito zaidi, nami nililirudia mara mbili: asimuulize mgeni atakula nini. Kwetu mkubwa haulizwi. Kumuuliza ni kumwambia usoni kwamba hukumtayarishia kitu, kwamba alipokuwa njiani wewe ulikuwa unafanya mambo mengine. Kinachotakiwa ni bakuli lifike, lifunuliwe, naye akute kwamba alikuwa anangojewa. Aliitikia ndiyo kwa yote. Jioni nilimpelekea unga ukiwa umefungwa katika kitambaa cha mke wangu na kutiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Aliuweka juu ya rafu bila kuufungua, nikaenda zangu nimetulia.

Siku ya kufika kwake, adhuhuri, nilimpokea mwalimu wangu kituo cha mafuta. Alikuwa amepungua mwili. Alinitambua kwa sauti, akaweka mkono begani pangu, na tukatembea hivyo polepole hadi nyuma ya soko, mimi nikimwambia penye mfereji na penye ngazi. Meza ya dirishani ilikuwa imewekewa kitambaa. Mama yule alitoka na birika na beseni, akapiga goti kama wafanyavyo kwao mbele ya mzee, akammiminia maji taratibu, na nikasema moyoni kwamba mji huu, pamoja na maudhi yake yote, una mtu mmoja anayesikia anachoambiwa.

Alikuwa bado amepiga goti alipomwinamia na kusema:

“Faza, unapenda nini? Iko karo, iko matoke, iko wali, iko mbuzi, iko eshabwe.”

Nilimtazama. Hakunitazama. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, na bugali je? Aliinuka, akanipa ishara nimfuate nyuma ya pazia.

“Hiyo unga nilimwaga,” alisema.

Nilimwomba arudie.

“Jana nilifungua, inanuka. Imeoza, mzee. Mimi naogopa. Mugeni yako ni faza, ni mgonjwa, akufe kwa hoteli yangu? Bwana yangu atasema nini kwa kambi?”

Nilimweleza kwamba unga ule hunuka kwa sababu ndivyo unavyotakiwa kunuka, kwamba muhogo wetu huchachishwa kwa makusudi, kwamba mke wangu aliuchekecha mara mbili, kwamba harufu ile ndiyo iliyonisafirisha kutoka Rubondo. Nilieleza kwa mpangilio na kwa ukamilifu, kama ninavyoeleza darasani. Alinisikiliza kwa huruma, jinsi mtu anavyomsikiliza mzee aliyeuziwa kitu kibovu na hataki kukiri.

“Niliwapa kuku,” alimalizia. “Hata kuku nakataa.”

Niliporudi mezani, mwalimu wangu alikuwa amekwisha kuagiza. Binti aliyekuwa akiosha vyombo ndiye aliyemsikiliza. Alichagua karo, ambayo ni ugali mweusi wa ulezi, pamoja na eshabwe, mchuzi mweupe, wa baridi, wa samli iliyopigwa kwa maji na chumvi ya mwambani, ambao watu wa Ankole huwapa wageni wao siku za harusi. Sikuwa nimewahi kumpa mtu yeyote chakula hicho, wala kukila. Nilitaka kumwambia kwamba kisingefaa tumbo lake. Aliukata ulezi kwa vidole, akauchovya, akatia kinywani. Akachovya tena.

Baadaye aliniuliza kelele za jikoni zilikuwa za nini. Nilimweleza yote: shamba, muhogo, mke wangu juu ya bati, hoteli zile tatu, mfuko, kuku. Sikumficha hasira yangu. Niliona ni haki yake kujua alichonyang’anywa. Alisikiliza huku mkono wake ukienda na kurudi sahanini, na nilipomaliza alifuta vidole, akageuzia uso wake mahali sauti yangu ilipokuwa.

“Mwana wangu,” alisema, “bugali ya muhogo mimi siipendaka.”

Nilimkumbusha kwamba tuliila kila siku, mezani pake, miaka yote ile.

“Ndiyo ilikuwa inapikwa. Nilikulaka sababu imepikwa. Kwetu nyumbani, seminari, parokia, kila fasi nilifika walifunua bakuli: bugali. Wote wananiheshimu. Maisha yangu yote hakuna mutu aliniuliza.” Akaelekeza kidevu jikoni. “Ni huyu mama wa kwanza.”

Hapo akamwita, akaomba eshabwe nyingine, akataka kujua inatengenezwaje. Mama yule akavuta kiti akaketi pamoja nasi, bila mimi kumkaribisha na bila yeye kungoja kukaribishwa, akaanza na ng’ombe: rangi zake, majani yanayofaa, maziwa yanavyotikiswa katika kibuyu kilichofukizwa moshi. Mwalimu wangu, ambaye zamani alikuwa hamwachi mtu amalize sentensi yenye kosa, alimwacha aendelee na Kiswahili chake cha amri, akimuuliza hili na lile, akicheka. Nilikuwa nimetayarisha mazungumzo ya saa ile kwa wiki nzima. Nilitaka kumwambia juu ya wanafunzi wangu wa Rubondo. Juu ya watoto wawili ambao, jioni baada ya masomo, nilikuwa nikiwafundisha Kilatini bila kitabu. Juu ya miaka niliyokula mezani pake. Sikupata nafasi hata moja. Mbuzi niliyeletewa mimi aliganda mafuta kwenye sahani, na hakuna aliyelitambua hilo, kwa kuwa mmoja wao hakuwa anaona na mwingine alikuwa anaeleza habari za samli.

Dereva alipokuja kumchukua, mwalimu wangu aliomba apelekwe jikoni, akavibariki vyungu. Mama yule na binti wa vyombo walipiga magoti, na askari mmoja aliyekuwa mlangoni akavua kofia. Garini, kabla mlango haujafungwa, aliuminya mkono wangu.

“Mwambie mama wa batoto asante kwa bunga,” alisema. “Mwambie kazi yake nimeisikia.”

Nilitaka kumuuliza kazi gani, maana hakuionja wala kuinusa. Gari likaondoka.

Mke wangu alikuwa amesimama nje niliporudi Rubondo. Nilimweleza kwa mpangilio ule ule: hoteli zile tatu, mke wa askari, unga, maneno ya padri. Hakunikatiza. Nilipomfikishia shukrani aliinamisha kichwa mara moja, kama apokeaye kitu kwa niaba ya mwingine. Kisha akauliza swali moja tu.

“Kuku ya nani ilikataa?”

Nikamwambia ni kuku wa Mbarara. Akasema alidhani hivyo, akaingia ndani kusonga bugali, nami nikaila yote.

Wiki kadhaa baadaye, macho yake yakiwa yametibiwa, mwalimu wangu alirudi kutoka Kampala kwa njia ile ile. Hakunipigia simu. Alishuka kituo cha mafuta, akaenda mwenyewe hadi nyuma ya soko, akaketi peke yake kwenye meza ya dirishani, akala karo na eshabwe, akaendelea na safari yake ya kurudi Bukavu. Niliambiwa hayo na yule mama, muhula uliofuata, nilipokwenda Mbarara kununua vitabu.